Kidonge Kilipoadimika

Nyumbani kwetu Brooklyn Park, kitongoji kilicho kaskazini mwa Minneapolis, siku huanza na kidonge. Kabla birika halijabandikwa, mke wangu huketi ukingoni mwa kitanda, akakimeza kwa glasi ya maji matupu, kisha akaanza kungoja. Kwa muda wa saa nzima hagusi chochote. Chai ya maziwa hukaa mbali naye, maana maziwa huizuia dawa isiingie mwilini sawasawa. Vidonge vya kuongeza damu alivyoandikiwa wakati wa ujauzito vilitakiwa vikae mbali zaidi, saa nne kamili. Mwezi wa Ramadhani hukimeza usiku wa manane, tumbo likishatulia. Watoto wetu wamekua wakijua kwamba alfajiri mama haombwi kuonja uji.

Mke wangu hana tezi ya thairoidi. Alizaliwa Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwenye udongo uliooshwa na mvua za karne nyingi hadi iodini ikabaki kidogo mno. Mama yake alikuwa na rovu, na shangazi zake pia. Tezi inayokosa iodini hujitanua ikijaribu kukamata hata ile chembe inayopita. Miaka ya 1980 watoto wa wilaya zilizoathirika walianza kupewa vidonge vya mafuta yenye iodini, na miaka ya 1990 ikaagizwa kwamba chumvi itiwe madini joto. Kwake yeye msaada huo ulikuta maji yamekwisha kumwagika. Rovu lilimbana koo hata akawa hawezi kulala chali. Akiwa binti wa miaka ishirini na kitu akapasuliwa, tezi ikaondolewa yote. Tangu siku hiyo, ile homoni ambayo mimi na wewe miili yetu hutengeneza bila kuombwa, yeye huipata kwa kumeza. Homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili utumie chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, ngozi ipate joto kiasi gani, akili iamke saa ngapi. Bila hiyo mtu hadumu.

Tulipofika Marekani mwaka 2006 alikuwa anatumia levothairoksini, vidonge vya kutengenezwa maabara ambavyo ndivyo wagonjwa wengi duniani hutumia. Vipimo vya damu vilisomeka vizuri. Mwenyewe hakuwa vizuri. Alikuwa mzito wa kuamka, mzito wa kusema, nywele zikibaki kwenye kitana. Mwaka 2014 daktari mmoja akamshauri ajaribu vidonge vya asili, na hapa ndipo penye uzito kwa nyumba ya Waislamu: vidonge hivyo ni tezi ya nguruwe iliyokaushwa na kusagwa. Tulikwenda kwanza kwa imamu wetu. Alituuliza kama dawa ile nyingine imejaribiwa kwa uaminifu, tukamweleza miaka yote ile. Akaruhusu kwa sharti moja, kwamba siku tutakayopata ya halali inayomfaa, hii tuiache. Tuliondoka kwake kimya. Miezi michache baadaye mke wangu alikuwa anaimba jikoni.

Wiki ya kwanza ya Septemba 2020 duka la dawa lilipiga simu. Vidonge vyake vilikuwa vimeondolewa sokoni nchi nzima, mafungu yote. Vilipopimwa, baadhi vilikutwa na asilimia 87 tu ya dawa iliyoandikwa kwenye kichupa, ilhali kanuni inataka isipungue asilimia 90 wala isizidi 110. Mei ya mwaka huohuo mafungu ya mtengenezaji mwingine yalikuwa yamerudishwa kwa kasoro ya upande wa pili, kwani yalifika asilimia 115.

Asiyeishi na jambo hili ataona tofauti hiyo ni ndogo. Lakini kipimo cha homoni hii huhesabiwa kwa mikrogramu, na kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 60 hubeba mikrogramu 38 za aina ya homoni iitwayo T4 na 9 za aina nyingine, T3. Kwenye mizani ya namna hiyo kosa dogo huonekana usoni mwa mtu. Kwa hiyo siwalaumu waliovirudisha. Ninachokilalamikia ni kwamba sisi tuliambiwa turudishe kichupa bila kuambiwa tushike nini badala yake.

Watengenezaji wa dawa hii ni wachache. Mmoja akitoka, wagonjwa wake wote huhamia kwa aliyebaki, naye huishiwa. Uhaba wa aina hiyo ulishatokea mwaka 2009. Kwenye foleni ya duka la dawa, tuliyosimama kwa kuachiana nafasi, tukiwa na barakoa, nilisikia watu wakisema chanzo ni machinjio. Ni kweli kwamba machinjio makubwa ya nguruwe ya Worthington, kusini-magharibi mwa jimbo letu, yalifungwa Aprili 2020 baada ya wafanyakazi wengi kuambukizwa korona. Lakini sababu iliyotangazwa ya dawa zetu kuondolewa ilikuwa ile ya nguvu kutolingana na maandishi.

Tukagawana kazi. Kifungua mimba wetu, binti wa miaka kumi na minne aliyekuwa anasomea chumbani kwa kompyuta kama watoto wote mwaka ule, aliandika orodha ya maduka ya dawa na kuyapigia kila kipindi kilipokwisha. Alijifunza kutaja jina la dawa na nguvu yake bila kubabaika, na kuuliza swali la pili kabla hajakatiwa simu: "Mnategemea itakuja lini?" Karibu wote walijibu kwamba hawajui. Duka moja Hudson, ng'ambo ya mto St. Croix, lilikuwa na vidonge vichache vya kampuni nyingine. Nikaendesha gari hadi huko. Vilitosha kutusogeza mbele hadi katikati ya Oktoba.

Kliniki ilikuwa inaonana na wagonjwa kwa simu. Muuguzi alikuwa na jibu la haraka: arudi kwenye levothairoksini. Mke wangu alimshukuru, akakata simu, akaniambia, "Kule sirudi. Miaka ile sikuwa nawalea wanangu, nilikuwa nawatazama tu."

Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwepo miaka ile.

Sasa nimweke mama yangu mahali pake, maana kisa hiki ni chake pia. Mama ni mtu wa Pangani, mkoani Tanga. Alikuja Februari 2020 kuwaona wajukuu, korona ikamkuta kwetu. Hata anga ya Tanzania ilipofunguliwa tena mwezi wa Mei, hatukuthubutu kumpandisha ndege mtu wa umri wake. Tukamwombea muda zaidi wa kukaa, akapewa chumba cha wajukuu, wajukuu wakabanana. Yeye na mke wa mwanawe wanapendana kweli. Ugomvi wao wote ni wa chumvi ya mchuzi.

Homoni inapopungua, mtu haanguki siku moja. T3 huondoka haraka, nusu yake ndani ya siku moja hivi. T4 huchukua kama wiki kupungua nusu. Kwa hiyo kwanza ulikuja ukimya. Baadaye ikaja baridi. Oktoba 20 mwaka ule theluji nzito iliangukia Minneapolis majani yakiwa bado mitini, na kuanzia siku hiyo kitufe cha ukutani cha kuongezea joto kikawa uwanja wa vita. Mke wangu alikipandisha hadi nyuzi 27, mimi nikikishusha nikikumbuka bili, yeye akikipandisha tena. Watoto walisoma wakiwa wamevaa fulana. Mama yangu peke yake ndiye aliyefurahi, akisema sasa nyumba inakalika. Lakini mke wangu ndani ya joto lile alivaa soksi jozi mbili na shali mabegani, na mikono yake ilikuwa baridi.

Mama aliniita pembeni. "Mwanangu, mkeo ana jambo moyoni. Mmemuudhi nini?"

Nikamweleza kuhusu tezi na dawa iliyokosekana. Neno rovu lilimwamsha. Akafungua begi lake, akatoa mfuko wa mwani mkavu. Kikundi chao cha akina mama huko Pangani hulima mwani, huukausha na kuuza, na kwenye semina walifundishwa kwamba mwani una iodini na iodini huzuia rovu. Alikuwa amesema kweli. Laiti mwani huo ungalipanda milima hadi Makete wakati mke wangu akiwa tumboni mwa mama yake, huenda kisu kisingemgusa. Lakini kiwanda kikishang'olewa, hata ukilete malighafi ya bahari nzima hakitoi kitu. Na kwa mgonjwa ambaye tezi yake bado ipo ila imevurugika, iodini nyingi ya mwani inaweza kumzidishia taabu. Mke wangu alikunywa bakuli la kwanza kwa heshima ya mkwewe, akimshukuru. La pili nilimwomba mama asilipike.

Wiki hiyohiyo mama akajua habari ya nguruwe. Hakuna aliyemficha, hakuwa ameuliza. Alimsikia binti yetu kwenye simu akieleza dawa kwa muuzaji, akamuuliza maana yake, na mtoto akajibu kama alivyolelewa kujibu, kwa ukweli. Usiku ule mama hakula. Alfajiri, baada ya kuswali, akaniita sebuleni.

"Nimekaa nyumba hii tangu Februari," akasema, "nikila na kunywa, na kila alfajiri mkwe wangu anameza hicho."

Nilimweleza safari yetu kwa imamu, miaka ya kujaribu ile nyingine, na sharti tulilopewa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakunipinga, ila alitaka kusikia kutoka kwa mtu anayemjua. Usiku, baada ya isha yetu, kwao Pangani kukikaribia alfajiri, akampigia sheikh aliyewafundisha watoto wake Kurani. Mazungumzo yalikuwa marefu. Alipomaliza akaja kuniambia kwamba sheikh amesema lilelile: mgonjwa haachwi aangamie, na mlango wa halali usiache kugongwa. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kwa daktari yeyote.

"Kwani mbuzi hana tezi? Kondoo hana?"

Anayo. Na mama hakujua kwamba swali lake lilikuwa limejibiwa miaka zaidi ya mia iliyopita. Mwaka 1891 huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alichukua tezi za kondoo, akazikamua maji yake na kumdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba uso, amepoozwa na uzito wa ugonjwa huuhuu. Mwanamke yule alifufuka, tunaweza kusema, akaishi hadi mwaka 1919. Mwaka uliofuata, 1892, madaktari wengine wakaonyesha kwamba hakuna haja ya sindano. Mgonjwa anaweza kula tezi ya kondoo iliyokaangwa kidogo. Nguruwe alichukua nafasi ya kondoo kwa sababu ya machinjio makubwa ya Marekani, ambako tezi zake zilipatikana kwa wingi na kwa bei rahisi.

Nilimsimulia mama haya yote kwa furaha ya mtu aliyeona mama yake ana akili kuliko alivyodhani. Yeye alisikia jambo moja tu: tezi ya kondoo ilikaangwa, na mgonjwa akapona. Jumamosi alimwomba binti yetu amsindikize kwa Msomali mwenye bucha ambaye huwa tunanunua kwake nyama, akamwagiza mbuzi atakayekuja na shingo yake nzima, koromeo na vyote. Mchinjaji alishangaa, lakini mtu mzima akiomba kwa upole hakataliwi. Shingo ikafika. Mama amechinjiwa mbuzi mbele yake maisha yake yote, anakijua kila kilichomo. Akapasua kando ya koromeo, akatoa vinyama viwili vyekundu vya giza, vidogo kuliko kidole gumba, akavisafisha kwa ndimu, akavitia tangawizi na chumvi, akavikaanga kwenye kikaango kidogo. Akaviweka kwenye sahani nzuri, ile ya wageni, akampelekea mkwewe kitandani.

Mke wangu aliitazama sahani ile muda mrefu. Alikuwa mchovu kiasi cha kula chochote ambacho kingemwahidi nafuu. Lakini ni mwanamke wa hesabu. Alikuwa anawekea kampuni ya usafirishaji vitabu vya fedha. Akauliza, "Mama, nikila hii leo, kesho nitakula ngapi?"

Mama hakuwa na jibu. Hakuna aliye nalo. Tezi ya mbuzi mmoja haina kipimo sawa na ya mwingine. Ya mbuzi aliyekula majani ya pwani haifanani na ya aliyefugwa ndani. Sahani ikakaa mezani, na Jumatatu nikampata daktari mwenyewe kwenye simu. Hakucheka. Alinisimulia jambo lililotokea hapahapa Minnesota, nami nalirudia kwa sababu kila anayefikiria dawa ya bucha anapaswa kulijua. Mwaka 1984 na 1985, watu kusini-magharibi mwa jimbo na mipakani mwa South Dakota na Iowa walianza kukonda, kutetemeka, mioyo ikienda mbio, wasilale usiku. Wagonjwa 121 walitambuliwa. Uchunguzi ukafika kwenye nyama ya kusaga: machinjio yalikuwa yanakata vipande vya koo la ng'ombe pamoja na tezi zake na kuvichanganya humo. Walikula homoni bila kujua. Baada ya hapo kukata vipande hivyo vya koo kwa ajili ya chakula cha watu kulipigwa marufuku.

Niliporudi nyumbani na habari hiyo mama alichukua sahani mwenyewe akaimwaga. "Basi," akasema, "Mungu ameshaona nia."

Hapo tulikuwa tumeingia Novemba, na jambo moja lilinishangaza: vidonge vya Hudson vilipaswa kuwa vimekwisha, lakini kila alfajiri mke wangu bado alikuwa anaketi ukingoni mwa kitanda na glasi yake ya maji. Nilipomuuliza alisema binti yetu amepata vingine kidogo. Binti yetu alipoulizwa alitazama chini. Mtoto wa umri ule akibebeshwa siri ya mama yake huonekana kwenye mabega.

Siri ilitoka Desemba, kwa moto. Mke wangu alikuwa amebandika maharage, akapanda juu kuchukua kitambaa cha kichwa, akajilaza kidogo. Mama alikuwa anaswali adhuhuri kwenye chumba cha chini. Mimi nilikuwa njiani nikitoka zamu. Maharage yakakauka, yakaungua, sufuria ikawa nyekundu, moshi ukajaa, na king'ora cha dari kikaanza kupiga kelele ile inayotoboa masikio. Kitinda mimba alikimbia nje bila viatu. Binti yetu alizima jiko, akamtoa bibi yake, kisha akarudi ndani kwa sababu mama yake hakuwa ametoka. Alimkuta amelala. Kelele ile ilikuwa juu ya kichwa chake naye amelala usingizi mzito. Alimwamsha kwa kumvuta, akamshusha ngazi kwa kumshika kiuno.

Nilikuta gari la zimamoto mbele ya nyumba. Mama alikuwa amesimama kwenye theluji na kanga zake, miguu ndani ya viatu vyangu vya kazini, amemfunika mjukuu kifuani. Kilichoungua kilikuwa sufuria na pazia la jikoni. Lakini mmoja wa wazimamoto, aliyesomea huduma ya kwanza, hakupendezwa na sura ya mke wangu. Uso ulikuwa umevimba, maneno yanatoka polepole kwa sauti nzito. Alimpima. Moyo ulikuwa unapiga mara 48 kwa dakika, na joto la mwili lilikuwa limeshuka chini ya nyuzi 35. Akasema mama huyu anakwenda hospitali sasa hivi.

Huko ndiko tulikosikia yote. Alikuwa akikata vidonge nusu, na baadaye robo, kwa kisu kidogo cha matunda, akitunza vipande kwenye kisanduku cha shanga. "Nilitaka vifike mpaka vipya vitoke," alimwambia daktari. Kipimo cha damu, kile kinachoitwa TSH, ambacho kwa mtu mzima hukaa kati ya 0.4 na 4 hivi, kilikuwa kimepita mpaka huo mara nyingi. Daktari alitueleza bila kutisha wala kuficha: ukosefu wa homoni ukifika kiwango fulani, hasa msimu wa baridi, mgonjwa hulala usingizi ambao wengine hawaamki. Mama yangu alisikia tafsiri kutoka kwa mjukuu wake, akashika ukuta.

Yule daktari wa hospitali alifanya jambo ambalo nilitamani lingefanyika Septemba. Alivuta kiti, akamuuliza mke wangu ni nini hasa kilichokuwa kinamkosesha raha kwenye levothairoksini, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kidonge cha nguruwe kina vitu viwili, T4 na T3, na kwamba vyote viwili hutengenezwa maabara, kila kimoja na kidonge chake. Huenda kilichomfaa kilikuwa ile T3. Akapendekeza levothairoksini, yaani T4, pamoja na kiasi kidogo cha liothaironini, ambayo ndiyo T3 ya maabara, kwa kuanza polepole ili moyo usishtuke, na damu ipimwe tena baada ya wiki sita. Hakuahidi muujiza. Alisema tafiti hazijaonyesha kwamba mchanganyiko unawafaa wagonjwa wote kuliko T4 peke yake, ila wapo ambao husema wazi kwamba wanajisikia vizuri zaidi. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na madaktari wa hospitali ya jeshi la Marekani: wagonjwa 70 walitumia dawa zote mbili kwa zamu bila kujua ni ipi, na karibu nusu yao walichagua ile ya tezi ya nguruwe, wachache kuliko hao wakichagua levothairoksini, na waliobaki hawakupendelea yoyote.

Mama alikuwa na swali lake. Hii ya maabara imetoka kwa mnyama gani? Nikamjibu ninavyojua. Mtu wa kwanza kuipata T4 ikiwa safi alikuwa Edward Kendall, Siku ya Krismasi mwaka 1914, kwenye kliniki ya Mayo mjini Rochester, safari ya saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka mlangoni petu, naye alihitaji karibu tani tatu za tezi za nguruwe ili apate gramu 33 hivi. Lakini mwaka 1927 Charles Harington na George Barger waliweza kuiunda wenyewe kwa kemikali, na ya leo hutengenezwa kwa njia hiyo. Akafikiri, akasema, "Basi ule mlango umefunguka."

Nafuu haikuja kwa haraka, nami namwonya anayengoja ya kwake asikate tamaa wiki ya pili. Januari bado alilala mchana. Jambo la kwanza kurudi lilikuwa joto la mikono, halafu sauti yake, halafu hasira, na hiyo tuliifurahia zaidi ya yote, maana mtu asiye na nguvu hagombi. Februari alimfokea binti yetu kwa kuacha vyombo, na mtoto akaja kunieleza akiwa anatabasamu. Mama alijipa kazi ya kulinda ile saa ya kungoja. Yeye aliyekuwa akileta chai ya maziwa kitandani sasa alikaa jikoni na birika mbele yake, akitazama saa ya ukutani, na asingemmiminia yeyote kabla dakika hazijatimia. Majira ya kuchipua yalipofika, watu walipokuwa wakichanjwa, tukamsindikiza uwanja wa ndege akarudi Pangani. Mke wangu anatumia vidonge vile viwili hadi leo. Si mwepesi kama alivyokuwa miaka ile ya kuimba, na hilo husema mwenyewe. Ila yuko macho, anafanya kazi, na hatishiki tena mtu wa duka la dawa akipiga simu.

Naandika haya kwa sababu mambo hayajatulia. Vidonge vya tezi ya nguruwe vilikuwa vinauzwa Marekani kabla ya sheria ya dawa ya mwaka 1938, na havijawahi kupata kibali rasmi. Agosti 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliwaandikia watengenezaji kwamba ni dawa zisizoidhinishwa na kwamba inakusudia kuchukua hatua, ikiwapa wagonjwa muda wa kuhamia kwenye tiba nyingine. Kwa hiyo kama wewe, mama yako au mkeo anatumia vidonge hivyo, usingoje kichupa kibaki na vya wiki moja. Zungumza na daktari sasa, ukiwa na nguvu za kubishana na kuchagua. Muulize kuhusu T3 ikiwa T4 peke yake ilikushinda. Omba damu ipimwe kabla ya kubadili na wiki sita hadi nane baada ya kubadili. Jina la dawa na kipimo chake viandikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaweza kuvisoma, hata bibi aliyekuja kutembea. Na kidonge kikianza kukatwa nusu, mtoto aliyeona asibebeshwe siri. Mwambieni, mapema, kwamba jambo hilo husemwa.

Makete wanakula chumvi yenye madini joto siku hizi. Ukienda dukani, popote Afrika Mashariki, soma mfuko kabla ya kulipa, na kama haujaandikwa kwamba chumvi ina iodini, urudishe.